Filamu Aliyoipitisha Bodi

Baraza ya Kiponda ipo pale uchochoro unapopinda, mbele ya nyumba ambayo mwenyewe yuko Muscat na hana habari kwamba kizingiti chake kimegeuzwa mahakama. Kila siku baada ya sala ya alasiri Mwalim, ambaye hajapata kusomesha mtu bali ndilo jina alilopewa na wazee wake, huliweka dele lake la kahawa juu ya mkaa, akapanga vikombe na kashata, na wenyewe wakaja mmoja mmoja. Wenyewe ni watatu. Ahmada, karani mstaafu, anaitwa Hakika, kwa kuwa hana maneno yasiyoanza na neno hilo, wala hana hata moja lililopata kuhakikishwa. Anuar anaitwa Stelingi, kama anavyoitwa nyota wa filamu. Wageni fulani walipokuja mjini kupiga filamu, miaka kumi nyuma, walimkodi apite mbele ya kamera na pakacha la nazi. Alipita mara kumi na moja, na filamu ilipotoka hakuonekana yeye wala nazi. Tangu siku hiyo huzungumza kama mwenye fani. Wa tatu ni Machano, na ndiye aliyefikwa na kisa hiki.

Machano walimwita Bodi, kwa sababu alijigeuza peke yake bodi nzima ya kukagua filamu. Mambo yalianza kama mzaha. Bi Rahila wa Chwaka alimwomba amchagulie filamu ya kutazama na mama mkwe wake, naye akampelekea ujumbe wa sauti kwenye simu. Ujumbe ukasambaa, watu wakaomba mwengine, na baada ya mwaka mmoja Machano alikuwa na kundi la nyumba mia nne zinazomsikiliza. Kila Alhamisi alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa tatu tu: "Tazameni nyote," "Watoto walale kwanza," na "Futa." Wake kwa waume walizishika kama fatwa. Kuna waliofuta filamu waliyokuwa wameshaipenda kwa sababu Bodi kasema.

Siri yake aliijua mkewe tu, Bi Tabia. Bodi hajapata kuitazama filamu yoyote zaidi ya nusu saa.

Tabia hiyo aliipata ujanani, alipokuwa akichana tiketi mlangoni mwa jumba moja la sinema. Watu wakishaingia, yeye husimama nyuma ya pazia akatazama mwanzo, kisha meneja humwita akalinde baiskeli nje. Alikua na mianzo mia tano kichwani, na mwisho hata mmoja hana. Uzee ulipokuja, na filamu zikawa zinatiwa kwenye kijiflash kidogo kama kidole, hakuona sababu ya kubadilika. Bi Tabia alipomsema, alijibu kwamba pilau huonjwa kwa kijiko kimoja. Bi Tabia akamwambia pilau haigeuki kitu chengine ukifika chini ya sufuria, filamu hugeuka.

Basi Jumapili moja walitarajiwa wageni kutoka Matemwe. Walikuja kumposa Khairat, binti wa mdogo wake Bi Tabia, Sichana. Sichana ni mjane, anakaa mtaa wa Amani, kwa hivyo mwanamume wa kuwapokea wageni alikuwa Machano. Waliahidiana saa tisa. Machano, akijijua kwa kuchelewa, alimpelekea Khairat flash asubuhi na kumwambia kwamba wageni wakitangulia, awawekee filamu, wasije wakakaa wakatazamana na ukuta. Filamu yenyewe alikuwa ameipitisha Alhamisi ya wiki ile: "Tazameni nyote." Ni ya nchi ya milima na theluji, imetiwa sauti ya Kiswahili na mtu mmoja anayesema kwa niaba ya wote, wanaume, wanawake na farasi. Katika nusu saa aliyoiona Machano, baba na mtoto wake wanagombana kwa ajili ya farasi aliyeuzwa. Alfajiri mtoto anaondoka kupita mlimani peke yake, na baba anatoka kumtafuta. Nguo za watu wale zinafika chini. Machano aliridhika, akaizima.

Saa tisa hiyo ilimkuta barazani, maana Jumapili hukaa tangu adhuhuri. Ahmada alikuwa ameshikilia kwamba theluji ya kwenye filamu ni chumvi, Anuar ameshikilia kwamba ni pamba, na Machano hangeweza kuinuka akauacha ujinga huo usimame. Alipofika Amani ilikuwa saa kumi na moja. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Wageni walikuwa wameshaondoka. Sufuria la pilau lilikuwa halijafunguliwa, kwani Sichana alikuwa akimngoja yeye ndipo aandae. Khairat aliiwasha filamu, kisha yeye na mama yake wakawa uani muda wote, kama ilivyo ada, na hawakuona kilichopita sebuleni. Walichosikia ni sauti ya baba wa mchumba pale mlangoni, alipokuwa akivaa viatu. Alisema: "Haya. Tumeona ya kuona." Kisha gari ikaondoka.

Jumatatu simu haikuja. Sichana hakuthubutu kupiga, maana upande wa mwanamke haukimbilii majibu. Bi Tabia alimwandalia mumewe chakula bila kumsemesha. Na Mashavu, jirani wa Sichana, aliyepita chini ya dirisha Jumapili ile, akaanza kueleza kwamba alisikia ndani sauti ya mwanamke akilia kilio ambacho yeye hawezi kukiiga mbele ya watu wenye heshima zao. Kutoka Amani hadi Kiponda si mbali. Jumanne alasiri, kilio kilipofika barazani, kilikuwa kimeshakuwa busu.

Machano alikuja siku hiyo kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mwalim alimmiminia kikombe bila ya kumtazama. Wenziwe walimtazama sana.

— Hakika, alianza Ahmada, neno "tumeona ya kuona" halisemwi juu ya kitu chema. Mtu akiona msikiti hasemi hivyo.

— Busu lilikuwa moja, alisema Anuar. Miye nimeambiwa moja.

— Mawili, alisema Ahmada.

Machano alisema hakukuwa na busu. Alisema filamu ile anaijua, haina uchafu, na mwenye kusema vyengine na alete ushahidi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya Alhamisi.

Anuar alimwonea huruma, na huruma ya Anuar ilikuja kwa njia ya fani. Alieleza kwamba hata kama lilikuwapo busu, si dhambi, kwa sababu wale hawabusiani. Huwekwa kioo katikati, kila mtu akabusu upande wake, kioo kinapanguswa, siku inaisha. Yeye alikuwapo, anajua. Hata maiti wanaoelea kwenye mito ya filamu si maiti.

— Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa, alimalizia.

Ahmada hakukubali kushindwa na kioo. Yeye alikuwa na elimu ya ndani zaidi. Alimwuliza Machano, kwa upole wa daktari, ndani ya flash ile kulikuwa na nini kingine. Machano akafikiri, akasema kulikuwa na mieleka ya Bwana Masoud, fundi simu, aliyemtilia filamu, na jengine hakumbuki.

— Basi, alisema Ahmada. Umekwisha. Hakika filamu zikikaa pamoja huambukizana. Uliyoikagua Alhamisi siyo iliyotazamwa Jumapili. Imelala na mieleka siku tatu, unategemea nini?

Mwalim alikohoa. Anuar akauliza kama mieleka ina busu, na Ahmada akasema haina, lakini ina nguo fupi, na nguo fupi ni nusu ya safari. Kisha akasonga mbele. Alisema hata umeme haukukatika wenyewe. Televisheni za siku hizi, alisema, zinakutazama kama unavyozitazama, na mahali fulani yupo mtu mbele ya kioo kikubwa, anaona nyumba zote za Unguja zinatazama nini. Fedheha ilipokaribia pale Amani, mtu yule aliwaona wazee wa watu wamekaa na kofia zao, akashikwa na haya, akazima mtaa mzima.

— Kwa hivyo alituhifadhi, alisema Anuar.

— Alichelewa. Walishaona ya kuona.

Siku nyengine Machano angeicheka nadharia hiyo na kuikata vipande. Safari hii alijikuta akiipima. Alitamani iwe kweli, maana mwenye kosa angekuwa mtu wa kioo kikubwa, si yeye. Akamfikiria Khairat, aliyeiandaa meza ya wageni mwenyewe tangu asubuhi na hakumwambia baba yake mkubwa neno baya hata moja, amemrejeshea tu flash yake, ameifunga ndani ya leso. Hilo lilimuuma kuliko kununa kwa Bi Tabia.

Ahmada aliliona jeraha akalitia kidole.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Mgeni kaja, mwenyeji yuko barazani. Sasa nani apone?

— Na nani alinizuia barazani, alisema Machano. Si wewe na chumvi yako?

— Pamba, alisema Anuar.

Walikuwa hapo waliposikia salamu. Alikuwa amesimama kwenye kona ya uchochoro mzee wa makamo ya miaka sabini, mrefu, kanzu imepigwa pasi, vidole vimepasukapasuka kwa chokaa na saruji kama vya mafundi waashi wote. Walimwitikia, wakampisha akae, na Machano, aliyekuwa mdogo kwake, akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba. Mwalim akampa kikombe. Alikunywa taratibu, akashukuru, kisha akauliza kama hapa ndipo anapokaa huyo mtu wa filamu anayeitwa Bodi.

Ahmada alitazama dari ya baraza. Anuar alimtazama Machano, na hilo likawa jibu.

— Nnatoka Matemwe, alisema mzee. Naitwa Kificho. Mwanangu ndiye anayemtaka Khairat.

Machano aliinuka kumpa mkono. Walikuwa hawajapata kuonana, maana siku ya kuonana yeye hakuwapo. Alijitambulisha, akaanza kuomba radhi: kwa kuchelewa, kwa chakula kisichoandaliwa, kwa filamu. Alipofika kwenye filamu maneno yalimtoka ovyo. Alisema yeye hakukusudia, alisema siku hizi mambo haya hayaaminiki, akakaribia kabisa kusema kwamba filamu huambukizana. Mzee Kificho alimngoja amalize.

— La mwenyeji kutupa filamu badala ya uso wake, tutalizungumza siku yake, alisema. Na tutalizungumza. Gari ilikuwa ya kukodi, dereva ana haraka, umeme umekatika, tukaona tusikae nyumbani na wanawake wa watu tukingoja mtu asiyekuja. Ila posa haijaguswa. Nisingefunga safari kwa hilo, ningepiga simu. Nimekuja kwa jengine.

Akakiweka kikombe chini.

— Yule mtoto, alifika nyumbani?

Mwanzo hawakumwelewa. Akaeleza. Mtoto aliyeondoka alfajiri kwa ugomvi wa farasi. Waliitazama filamu wote, alisema, yeye na ndugu zake wawili, na hakuna aliyesema neno. Mama wa mtoto alilia kilio kikubwa theluji ilipofunga njia. Baba amefika juu mlimani, ameona nyayo, nyayo zimegawika njia mbili, amechagua moja. Hapo umeme ukakatika. Tangu Jumapili halali vizuri. Amewauliza vijana wa Matemwe, hawaijui. Akaambiwa yupo mtu mjini anayezijua filamu zote, na nyumba mia nne zinamsikiliza.

Ahmada alikuwa wa kwanza kuokoa baraza. Alisema hakika mtoto alifika, kwa sababu yeye ndiye stelingi, na stelingi hafi. Hiyo ni kanuni tangu sinema ilipozaliwa. Anuar akapinga kwamba stelingi ni baba, mtoto amewekwa afe ili baba apate kulia, kwani yeye anajua filamu zinavyoundwa. Ahmada akauliza farasi je. Wakaanza kuinuliana sauti, mmoja akimfufua mtoto na mwengine akimzika, mpaka mzee akanyanyua kiganja.

— Wanangu, nimemwuliza aliyeona.

Mwalim aliacha kusuuza vikombe. Machano alikuwa na majibu mawili tayari kinywani, na lolote kati yao lingepokewa. Angesema amefika, mzee angeondoka ameridhika, na Alhamisi ingekuja kama Alhamisi nyengine. Alilifungulia mdomo neno hilo. Lakini aliuona uso wa mtu yule, namna ulivyomwelekea, kama anayesubiri matokeo ya hospitali.

— Nnaye mtoto aliyeondoka vile, alisema mzee Kificho, kama anayemsaidia. Kaka yake huyu mchumba. Tulimpa jina la babu yake, Amour. Mwaka wa saba huu. Tulikosana kwa neno moja tu.

— Sijui, alisema Machano. Sikuitazama mpaka huko.

— Uliishia wapi?

— Baba alipotoka mlangoni.

Mzee alifikiri.

— Hapo ni mwanzo, alisema.

— Ndiyo. Zote naishia mwanzo.

Anuar alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Ahmada alikuwa ameshika kashata na hakuipeleka kinywani. Mwaka mzima alikuwa amebishana na Bodi juu ya mwisho wa filamu zisizopungua hamsini, na sasa ndiyo kwanza alikumbuka kwamba yeye mwenyewe nyingi kati ya hizo hakuzitazama kabisa. Alitegemea Bodi kazitazama. Hakulisema hilo. Alisema tu hakika mambo haya ni mazito, na akanywa.

Machano aliinuka, akamwomba mzee waende kwake. Ni hatua chache, umeme upo, na flash anayo mfukoni, ndani ya leso ya Khairat. Mzee alikubali. Waliwaacha wenzao pale, na Mwalim akasema kwa sauti ndogo, kumwambia mkaa wake, kwamba kahawa ya leo imewanywesha watu ukweli.

Bi Tabia alipofungua mlango na kuambiwa mgeni ni nani, alijitanda vizuri, akamkaribisha kwa heshima zote, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akamsemesha mumewe. Alimwambia awashe televisheni, asimwekee mgeni ukuta. Alileta chai na mkate wa ufuta, akakaa nyuma yao kwenye kiti cha pembeni. Machano aliianza filamu toka mwanzo. Nusu saa ilipotimia, mkono wake uliinuka wenyewe kutafuta rimoti. Bi Tabia alikuwa ameshaichukua.

Waliitazama yote. Kilio cha Mashavu kilipita, na hakikuwa zaidi ya kilio cha mama. Busu halikuwapo. Baba alichagua njia ya kulia, na ilikuwa siyo. Mtoto alikuwa amepita ya kushoto, akazunguka mlima wote, na mwisho akafika nyumbani, miguu imemvimba, akamkuta mama peke yake. Baba bado yuko huko juu, anamtafuta. Mtoto akakaa mlangoni, akaelekea mlimani, na filamu ikaishia hapo.

Machano, aliyekuwa na miaka sitini na mbili, alihisi kitu asichokuwa na jina lake. Alitaka kuuliza kama zote huwa hivi, akaona haya. Mzee Kificho alijipangusa uso kwa ncha ya kilemba, akaomba ruhusa atoke ukumbini apige simu. Hawakumwuliza anampigia nani. Aliporudi alisema imeita, haikupokewa. Atapiga tena.

Ndipo Machano akamwomba jambo. Alimwambia Alhamisi inakuja, na yeye hana uso wa kuwahukumia watu filamu hii baada ya yote haya. Aliyestahili kuisema ni mgeni. Akaishika simu mbele yake. Mzee Kificho aliisogezea simu mdomo kama anayesema na mtu kiziwi, akatoa hukumu ndefu kuliko zote zilizopata kutoka kwa Bodi. Alisema ametazama mpaka mwisho. Alisema mtoto alifika, baba ndiye hakurudi. Alisema mwenye mtoto aliyekosana naye aitazame, na asingoje kuisha ndipo apige simu. Kisha akaongeza kwamba watu wahakikishe kwanza umeme upo, na mwenyeji awe nyumbani.

Posa ilipangiwa Ijumaa ya pili yake. Machano aliahidi kufika saa nane, na Bi Tabia akamwambia mgeni kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemfikisha mumewe.

Ujumbe ulipelekwa Alhamisi asubuhi kwenye nyumba mia nne. Kabla ya adhuhuri simu ya Machano ilikuwa haishikiki. Walimjia juu wote. Kwa mwaka mzima aliwahukumia filamu asizozijua, na hakuna aliyelalamika; sasa walikasirika mno kwamba wameambiwa mwisho. Anuar aliandika kwamba hiyo si fani. Ahmada aliandika kwamba hakika furaha yake imeharibiwa, ingawa hakuwa na nia ya kuitazama. Bi Rahila wa Chwaka alisema wao walikuwa na mkaguzi muungwana aliyejua kuficha mwisho, na sasa hawajui kumetokea nini.

Machano alizisoma zote, akaiweka simu juu ya meza, akamwuliza mkewe awajibu nini watu hawa. Bi Tabia alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

— Waambie wamtafute asiyeujua mwisho, alisema. Wapo wengi.